Nilimwambia Mama Mbuyi Angoje Umeme

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili usije ukanihurumia bure ukifika katikati. Hapa mtaani sina wa kumwambia, maana wote wanamjua yule niliyemkosea, na wengi wao wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi. Basi nakuambia wewe ambaye hujui hata sura yangu.

Mimi ni mwanamke wa Lubumbashi, fundi wa kompyuta. Nilisoma chuo kikuu kule Kasapa, nikatoka na diploma na kiburi, na nikikumbuka vizuri kiburi ndicho nilichokitumia zaidi. Nimefanyia kazi kampuni za watu, sasa najitegemea. Ukitaka kompyuta za ofisi yako ziunganishwe na zielewane, unaniita mimi. Watu husema nina mkono mzuri. Mkono ninao kweli, lakini nina mdomo pia, na mdomo ndio ulionifikisha hapa.

Kuna mama nitamwita Mama Mbuyi. Alikuwa rafiki wa marehemu mama yangu. Anauza samaki wakavu wa Kilwa, ile ya ziwani huku kwetu, katika soko la Katuba. Mama yangu alipofariki, Mama Mbuyi alilala nasi matangani mpaka watu wote walipoondoka, akisonga bukari, ndio ugali wetu, kwa wageni ambao hakuwajua hata majina. Tangu siku hizo ananiita mutoto yangu. Sikuwahi kupita mezani pake bila kukaa kidogo.

Mama Mbuyi alikuwa na binti, Ngalula. Alikufa kwa homa akiwa bado mdogo, miaka mingi iliyopita, muda mfupi baada ya komunyo yake ya kwanza. Siku ile ya komunyo walimwita mtu wa video, enzi za zile kaseti kubwa nyeusi. Baadaye mashine ya kuichezea ikaharibika, hawakununua nyingine, na kaseti ikabaki kabatini chini ya mashuka.

Siku moja nimekaa pale mezani pake, akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kitu cha aibu.

"Mutoto yangu, ile kaseti ya Ngalula, kuko muntu anaweza kuitia mu téléphone?"

Nikamwambia wapo, tena ninawajua. Akawageuza samaki ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

"Photo niko nazo," akasema. "Sura yake ninajua. Lakini sauti yake inanikimbia. Ninaitafuta mu kichwa, sipate. Na ile siku aliongea sana. Mwenye kupiga video alimuuliza tu jina, yeye akaanza kuelezea mambo, bantu bote banacheka. Alisema nini? Sikumbuke."

Hicho ndicho alichokitaka, basi. Kusikia tena sauti ya mtoto wake. Hakutaka filamu nzuri wala muziki juu yake. Nilimwambia aniletee kaseti kesho yake, na akaileta imefungwa katika kitambaa cha kichwa.

Niliipeleka mwenyewe mtaa wa Kamalondo, kwenye studio ya ndugu wawili ambao nilikuwa fundi wao. Mkubwa anaitwa Pascal, mdogo wake ni Patrick. Studio ilikuwa ya baba yao. Alipokufa akawaachia wote wawili bila kusema nani ni mkuu, na tangu hapo wanafanya kazi chumba kimoja, kila mmoja na kompyuta yake, wakipiga harusi na matanga na kuhamisha kaseti za zamani. Wanapendana. Ila usiwaache na kitu kimoja cha kugawana.

Patrick aliishika kaseti, akainusa. "Madame, hii iko na ukungu," akasema. "Inaweza kusomwa mara moja, kisha inakufa. Na miye sina tena nafasi mu disk. Yote imejaa. Labda tukifunga ile baie."

Hiyo baie ilikuwa imekaa pembeni, imefunikwa nailoni. Ni sanduku la chuma lenye disk nyingi ndani. Kompyuta kadhaa huunganishwa nalo kwa nyaya za mtandao na kuhifadhi vitu humo, na kila kompyuta huiona nafasi iliyopewa kama disk yake yenyewe. Walilinunua kwa kampuni moja ya mgodi iliyokuwa inaondoa vyombo vyake vya zamani. Walikuwa wananingoja mimi nilifunge. Na mimi nikaona heri, nitawafungia baie, kaseti ya Mama Mbuyi itaingia, wote watafurahi.

Kufunga nyaya hakukunichukua muda. Kilichotuchukua asubuhi nzima ni kugawana.

"Madame, ugawanye bipande mbili," Pascal akasema. "Miye niko mukubwa, unipe kipande kikubwa. Kidogo, umupe Patrick."

"Juu ya nini kidogo?" Patrick akauliza. "Miye njo nafanya montage, kukata na kuunga video. Bitu yangu njo inakula nafasi. Yaya, huyu mukubwa yangu, anapiga tu video, anatia, anaenda."

"Unasikia namna anaongea?" Pascal aliniuliza mimi, bila kumtazama mdogo wake.

Nikasema tugawe sawa kwa sawa. Pascal akacheka kicheko kisicho na furaha. "Moitié-moitié na mudogo yangu? Mu nyumba ya papa? Na bantu bakiuliza?"

Nikaja na njia nyingine, ambayo ndiyo ningeishikilia kama ningekuwa na uti wa mgongo. Nikawaambia baie yote ifungwe kwenye kompyuta ya Pascal, kisha Patrick apitie humo kupata vitu vyake. Kompyuta moja inakuwa msimamizi, nyingine inaomba. Patrick akatikisa kichwa. "Akifunga ordinateur yake akaenda ku mwaliko, miye nikae nikiangalia ukuta? Kila siku nimuombe yaya?" Nilipotaka kusema basi iwe kinyume chake, Pascal alisimama akatoka nje kabla sijamaliza.

Wewe unayesoma huko uliko, labda unajiuliza kwa nini sikuwaambia ukweli mkavu kwamba kuna njia hizi mbili tu, wachague au niende zangu. Kwetu, ndugu wakigombana juu ya kitu cha marehemu baba, mgeni aliyekaa katikati hutafuta neno la kuwatuliza. Ndivyo nilivyolelewa. Nami nilipenda kuwa yule anayetuliza. Nilipenda waseme, huyu Madame ana akili.

Nikamwita Pascal arudi ndani. Nikawauliza: "Utotoni mwenu, mama alikuwa anawapakulia sahani ngapi?"

"Moja," wakasema.

"Na mulikula bila kupigana?"

Patrick akatabasamu. "Kila muntu upande yake."

"Basi, hata hii ni sahani moja. Kila mutu ale upande wake. Pascal atengeneze dossier yake ya kuwekea mafaili, Patrick yake. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo."

Walicheka. Pascal akanipiga bega, akasema mimi ni mama ya busara. Nikakaa kwenye kiti, nikaifanya baie yote kuwa disk moja kubwa, nikaipa kompyuta ya Pascal, halafu nikaipa ileile kompyuta ya Patrick. Baie yenyewe ilinionya. Maandishi yalitokea kwa Kifaransa, yakisema disk hii imeshapewa kompyuta nyingine, je, unataka kuendelea. Nikabonyeza Oui.

Nilijua. Hapa ndipo moyo unaponiuma, ndugu yangu. Si kwamba sikujua. Nilifundishwa, na nimewahi kumfokea kijana mmoja kazini kwa kosa hilohilo. Watoto wanaokula sahani moja wanaonana mikono. Zile kompyuta mbili hazikuwa zinaonana. Kila moja iliamini disk ni yake peke yake, na ilikuwa inakumbuka kichwani mwake wapi pamejaa na wapi pako wazi. Ya Pascal ikiandika harusi mahali fulani, ya Patrick haiambiwi. Kwayo mahali pale bado ni patupu, na ikipata kitu chake inakiandika palepale juu. Nilijiambia kwamba kwa kuwa kila mtu ana dossier yake, labda hazitakutana. Hilo neno "labda" lilikuwa la mtu anayetaka kwenda nyumbani akiwa amesifiwa.

Siku chache baadaye Patrick aliihamisha kaseti ya Ngalula. Akanipigia simu mchana akiwa na furaha. "Madame, kaseti ilikatika mwisho kabisa, utepe wote umebambuka, lakini bitu byote bimeingia. Na huyu mutoto anaongea, eh! Nilicheka miye peke yangu hapa. Unipe siku kidogo nisafishe sauti, kuko kelele nyuma, alafu mama anaisikia muzuri."

Nikaenda moja kwa moja sokoni kumwambia Mama Mbuyi. Alishika mikono yangu miwili, mikono yake ikinuka samaki, akasema "Merci, mutoto yangu," akasema tena, halafu akageuka kumhudumia mteja ili nisimwone uso. Nilitembea nikirudi nyumbani najiona mtu mwema sana.

Dalili zilianza mapema. Patrick alipiga simu: "Madame, yaya anasema ametia photo za dot, za kulipa mahari, miye sione kintu." Nikamwambia zima kompyuta, uwashe tena. Akazima, akawasha, akaziona. Ikawa ndiyo dawa. Nilipaswa kukimbia siku ileile nikachomoe waya mmoja. Nilikuwa na kazi nyingine mjini, nikasema nitapita wiki ijayo.

Asubuhi moja Patrick akapiga tena, sauti imebadilika. Madossier yalikuwa na majina ya ajabu, herufi ambazo hazisomeki. Kompyuta ilikuwa inamwuliza kama anataka irekebishe disk. Mimi nilikuwa njiani nanunua makala, mkaa wa kupikia, nimeinama na mfuko, nikamwambia kubali. Neno moja tu. Ningemwambia asiguse kitu, achomoe nyaya zote, pengine ningeokoa kitu. Kompyuta yake ikarekebisha ilivyoelewa yenyewe, na kwa vile haikujua habari za kompyuta ya pili, ikafuta njia zote za vitu ambavyo haikuvitambua.

Nilipofika, faili la Ngalula lilikuwepo. Patrick aliliandika jina lake, na jina lilibaki. Hata uzito wake ulikuwa uleule. Moyo wangu ulitulia kidogo. Nikalifungua. Akatokea bwana harusi mwenye viatu vyeupe, anacheza na miwani ya jua. Baada yake vikaja vipande vya rangi vilivyovurugika, halafu giza. Hakukuwa na sauti yoyote.

Nilihangaika na programu za kuokoa vitu kwa siku nyingi, nimekaa pale studio mpaka macho yakawaka. Nilipata pua ya mtu, keki, nusu ya jeneza la watu nisiowajua. Ya Ngalula sikupata hata picha moja. Utepe wa kaseti nao ulikuwa umebambuka wote, ukiushika unabaki na unga mweusi vidoleni.

Ndugu hao wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu wakitupiana maneno. Pascal akisema Patrick amebonyeza kitu, Patrick akisema yaya alichomoa waya. Nikaogopa. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Ni courant."

Wiki ile umeme ulikuwa umeondoka na kurudi mara nyingi, kama kawaida yetu. Hakuna mtu wa Lubumbashi atakayebisha ukimwambia ni umeme. Friji ikifa ni umeme. Mkate ukiharibika kwa mwokaji ni umeme, hata mwanafunzi akianguka mtihani. Pascal alitukana umeme, Patrick akatukana umeme, na mimi nikapumua. Ilikuwa rahisi mno.

Jioni ya siku hiyo nilipita sokoni. Sikuwa nimepanga la kusema. Mama Mbuyi aliniona kwa mbali akanyanyua kitu mkononi ili nikione. Alikuwa amenunua kipaza sauti kidogo, kama vile vya kufunga kwenye simu, kwa sababu masikio yake hayako vizuri siku hizi na alitaka asikie kila neno.

"Patrick anamaliza?" akauliza.

Ningemwambia pale. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikatazama kile kipaza sauti, bado kiko katika plastiki yake, nikasema: "Mama, iko mu machine. Lakini courant haitulie. Tukiwasha sasa itaharibika. Tungoje kidogo."

"Haina neno," akasema. "Nilingoja miaka yote. Siku kidogo haitaniua."

Akanifungia samaki. Nilikataa, akanitia kwa nguvu mfukoni. Niliwapika nyumbani nikashindwa kuwala, nikampa jirani.

Basi ikawa hivyo. Kila nilipopita aliuliza kama umeme umetulia, na mimi nikawa na jibu. Mara transfo ya umeme ya mtaa imeungua, mara tunangoja kifaa kitoke Zambia, mara Patrick amesafiri. Uongo wa kwanza ulinitoa jasho. Waliofuata waliteleza wenyewe. Jambo la kutisha ni kwamba alikuwa na furaha. Wauza samaki wenzake waliniambia anaimba siku hizi. Alikuwa kama mtu mwenye mgeni wake njiani. Nikajidanganya kwamba simtendei ubaya, namwachia furaha yake kidogo. Unaona namna mtu anavyoweza kuupamba uoga wake.

Mwishowe nikaanza kuzunguka. Kutoka kwangu kwenda mjini njia fupi inapita sokoni. Nikawa napita nyuma, kwenye matope, viatu mkononi wakati wa mvua, mwanamke mzima na diploma yangu.

Mvua ziliisha, baridi ikaingia. Siku moja mwanamke muuza samaki akanikuta barabarani akaniambia Mama Mbuyi ananitafuta, anataka nije kwenye misa. Misa gani? Ya kumkumbuka Ngalula. Amewaita ndugu zake, na baada ya misa watu watakaa kwake wasikilize mtoto anavyoongea. "Anasema weye njo utaleta," yule mama akaniambia. "Ametuambia sisi bote."

Nilienda siku ileile mchana, kwa sababu nilijua nikilala na jambo hilo nitatunga uongo mwingine.

Nilimkuta nyumbani kwake, amekaa karibu na mbabula, jiko lake la mkaa, anaota moto. Akanisogezea kiti. Sikukaa. Nikaogopa kwamba nikikaa nitaanza kuuliza habari za afya, habari za biashara, na tutamaliza siku hivyo.

"Mama, ile filme ya Ngalula haiko."

"Haiko namna gani?"

"Iliharibika. Yote. Hakuna kitu kilichobaki, wala sauti. Na si courant, mama. Ni mimi. Mimi niliifunga mashine vibaya nikijua ni vibaya, kisha nikakudanganya."

Alinitazama. Nilitegemea alie, nilitegemea anitukane mimi na marehemu mama yangu. Aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Iliharibika siku gani?"

"Zamani kidogo, mama."

"Zamani namna gani? Mbele ya Pasaka ao nyuma ya Pasaka?"

Sikuelewa anatafuta nini. "Mbele ya Pasaka," nikasema.

"Mbele ya Pasaka." Akalirudia polepole, kama anayesoma maandishi ya mbali. "Kwa Pasaka, yaya yangu wa Mokambo alinipigia téléphone. Alikuwa anahama nyumba. Mutoto yake alipata komunyo siku moja na Ngalula, bote babili pamoja, na mwenye kupiga video alitoa kaseti mbili. Moja yetu, moja yao. Ile ile moja. Akaniuliza, mudogo yangu, niko na ile kaseti hapa, niikutumie ao niitupe?"

Nilijua kabla hajamaliza. Nadhani niliweka mkono mdomoni.

"Miye nikamwambia, tupa tu. Yetu iko mu machine, mutoto yangu njo anaiangalia."

"Na aliitupa?"

"Aliichoma na bitu ingine ya zamani. Alikuwa na bitu mingi."

Nikakaa. Si kwenye kiti, nilikaa chini, kwenye simenti. Nililia mimi, mkosaji, na yeye alikuwa akichokoa makala kwa kijiti. Nasema kweli, ningetoa kila nilicho nacho anipige kofi.

"Ungenisemea tu ile siku," akasema mwishowe. Sauti yake haikupanda. "Singekukasirikia sana. Machine inaharibika, hata miye ninajua. Ningelia kidogo, kisha Pasaka ingefika, ningemwambia yaya anitumie ile yake."

Kisha akaniambia nirudi nyumbani, baridi inazidi, na mimi sijavaa vizuri. Alinitafutia hata kitenge cha kujifunika mabegani. Nilikivaa njia nzima na sikuhisi joto lolote.

Misa ilifanyika. Nilikaa nyuma kabisa. Watu wa Mokambo walikuwepo, na yule yaya yake pia, dada yake mkubwa, mwanamke mfupi mwenye miwani, akilia kuliko wote. Nilijua analia nini. Alikuwa anajilaumu kwa moto aliouwasha yeye, na mimi niliyemwashia kiberiti nilikuwa nimekaa benchi la mwisho nikishika kitabu cha nyimbo kichwa chini. Baada ya misa nilimfuata nje nikamweleza. Alivua miwani akaifuta, akasema "Asante kwa kunisemea," akaniacha pale.

Niliwaambia ukweli ndugu wawili pia. Kwao nilichelewa vilevile. Ingawa midomo yao ilikuwa imetukana umeme, kila mmoja alibaki moyoni akiamini mwenzake ndiye aliyeharibu, na hawakuwahi kuulizana. Pascal alikuwa ameshaondoka studio, amehamia kwake na kamera zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniomba kwa adabu nisirudi tena. Patrick alinifungulia mlango tu nitoke. Palepale mlangoni nilimwuliza, wewe uliyemsikia Ngalula, unakumbuka alisema nini? Nilitaka angalau nimpelekee mama yake maneno. Patrick akafikiri kweli, kwa bidii, uso umekunjamana.

"Nilicheka," akasema. "Hiyo ninakumbuka. Alisema kintu juu ya viatu, ao juu ya kupakwa mafuta mingi. Madame, sikuwa nasikiliza maneno. Nilikuwa naangalia kama sauti haipande sana."

Nilimpelekea Mama Mbuyi hicho hicho kidogo. Viatu, au mafuta. Alikipokea. Alikaa nacho akijaribu kukumbuka viatu vya siku ile vilikuwa vya rangi gani.

Sasa napita njia fupi. Nimeacha kuzunguka. Ananisalimu, ananiita mutoto yangu kama zamani, na kila akiniita hivyo natamani aache. Kile kipaza sauti bado anacho, anasikilizia habari za redio pale mezani. Mimi sikai tena. Nikisimama kidogo naona wateja, naona mikono yake, nashika njia yangu.

Kama wewe ni fundi kama mimi, usikubali kufunga disk moja kwenye mashine mbili ambazo hazijuani, hata kama wenye nyumba ni ndugu na wanakulilia, hata kama watakuita mwanamke mkaidi. Waache wagombane. Watapatana bila wewe. Na mashine ikikuuliza kama una hakika, isome.

Lakini hilo ni la mafundi, na si wote ni mafundi. Nililokuja kukuambia ni lingine. Labda na wewe umeharibu kitu cha mtu, na anakungoja, na ana furaha, na umejiambia utamwambia siku nyingine moyo wako ukitulia. Moyo hautatulia. Mimi niliusubiri utulie mpaka kaseti ikachomwa Mokambo. Mwambie leo. Akutukane, akufukuze, vyovyote iwavyo. Mwambie wakati bado ana pengine pa kutafuta.